Kuchaji Plastiki ya Maman Virginie

Jumatatu, 3 Juni

Ajabu! Maman Virginie, profesa wetu wa fizikia, ana kioo kilichopakwa plastiki nyembamba. Ukikimulika kwa taa ya zambarau, plastiki inang'aa rangi ya chungwa. Plastiki, ndugu ya ndoo! Nilibaki mdomo wazi. Mama huyu ni hazina ya Bukavu nzima. Anatafuta msaidizi wa maabara. Mimi natunza funguo tu, lakini nafasi hiyo ni yangu. Kikwazo ni Polycarpe, mwanafunzi wake, mtu wa shati jeupe na majibu ya haraka.

Jumanne, 4 Juni

Alhamisi wanakuja wageni. Maman amemwambia Polycarpe kwamba wataingiza chaji katika plastiki, kidogo sana. Nikacheka moyoni. Kidogo? Kabla ya funguo hizi nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu kule Cimpunda. Simu ikiwa na chaji haba, kioo chake kinafifia. Ikijaa, kinawaka. Nani atanifundisha? Nimeazima betri ya pikipiki kwa mjomba wangu, tonton Aloys. Nimemwambia ni ya sayansi. Amesema sayansi imrudishie kabla ya kanisa la Jumapili.

Alhamisi, 6 Juni

Aibu tupu. Nilijitolea kushika nyaya, nikaunga betri ya Aloys badala ya ile ndogo ya Maman. Nikangoja plastiki iwake kama Noeli. Ikazimika! Taa ya zambarau inamulika, plastiki giza. Polycarpe akatabasamu kwa adabu, heri angenicheka.

Nilijua nimefukuzwa. Lakini Maman alichukua kioo kingine, akaunga betri yake ndogo. Mwangaza ukapungua polepole. Akageuza nyaya, ukarudi. Uzuri ulioje! Kisha akanigeukia mbele ya wote: "Hugues, mutoto wangu, hii haiko simu. Huku chaji njo inakula mwangaza."

Akaeleza kwamba plastiki inapokea nguvu ya taa ili iitoe kama mwangaza, lakini nguvu hiyo ikikutana na chaji njiani, inapotea na kuwa joto. Wageni walipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, machozi yakinilenga. Maman atamtangaza msaidizi Jumamosi ukumbini, mbele ya wageni wengine. Hadi hapo, mimi na Polycarpe tuandae taa za ukumbi, zile za betri za jua.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeelewa! Kwa neno moja Maman amefuta ujinga wangu wote wa Cimpunda. Nampenda mwalimu wa namna hii.

Maskini Polycarpe hakuelewa kitu. Asubuhi nzima alikuwa akijaza betri za ukumbi, tena kwa bidii. Msomi mzima! Alipokwenda kula samaki wa sambaza, niliziunga na jiko la umeme likazinyonya chaji zote, halafu nikang'oa nyaya za paneli za jua. Hakuna hata punje ya chaji iliyobaki ya kula mwangaza. Kesho ukumbi wetu utaonekana hadi mtaa wa Muhumba.