Mayai Yasiyo na Baba

Jumatatu, 1 Septemba

Verediane ameondoka na basi la saa mbili asubuhi kwenda Kigali. Binti yetu Uwera amejifungua mtoto wa kike, na mama yake atamhudumia mpaka mwisho wa mwezi. Mimi nimebaki na nyumba, sufuria mbili na kuku.

Kuku anaitwa Mukecuru, yaani bibi kizee. Shingo tupu, haina unyoya hata mmoja. Jana Verediane alimwekea mayai kumi na moja kwenye kapu jikoni, kila yai na msalaba wa mkaa. Leo akanipa amri kituoni, mbele za watu. Maji kila asubuhi. Mtama kidogo. Mayai nisiguse! Akaongeza kwamba Mukecuru ndiye wa mwisho katika kuku wa marehemu mama yake, wengine wote walikufa kwa ugonjwa wa kideri mwaka jana, na kwamba amezeeka, huenda asilalie tena. Nikasema ndiyo, ndiyo. Nilikuwa namwangalia dereva akifunga mizigo. Alikuwa anaifunga vibaya sana.

Naandika kwa Kiswahili cha shule, cha Kigoma nilikokulia. Verediane alikulia Masisi, Kiswahili chake ni cha kusema tu, kukisoma kunamchosha. Shajara iko salama.

Jumanne, 2 Septemba

Wazo! Mayai ya Mukecuru ni madogo mno. Yai dogo, kifaranga kidogo, kuku mdogo. Na hapo nyuma ya ukuta wetu wa mawe meusi, jirani yangu Kabera ana kuku arobaini wa kisasa. Wanalishwa machicha kutoka kiwanda cha bia kule Rubona. Mayai yao yanajaza kiganja. Mukecuru akiyalalia hayo, Verediane atarudi akute ukoo wa majitu. Mama mkwe Kankindi, Mungu amrehemu, alisema siku ya posa kwamba mimi ni mtu wa mipango. Hakusema kwa kunisifu. Sasa ataona, huko aliko.

Kabera sikumwambia nataka kutotolesha. Angeiba wazo. Nilisema nataka mayai makubwa ya kula, tubadilishane, moja kwa moja. Akacheka. "Mzee Anastase, we unapenda hasara? Bon, leta. Mama anapendaka mayai ya kienyeji." Mjinga! Nimempa vijiyai kumi na moja, nimeondoka na kumi na moja ya maana.

Tisa tu ndiyo yameenea chini ya Mukecuru. Mawili nimekaanga. Yale tisa nimeyachora misalaba ya mkaa, iliyonyooka kuliko ya Verediane. Mukecuru amenidonoa mara tatu. Nimemsamehe.

Jumatano, 10 Septemba

Redio imesema mayai yanayolaliwa hukaguliwa kwa tochi. Nimefunga mlango wa jikoni, nimewasha tochi ya simu, nimeyamulika yote tisa. Safi kabisa! Ndani hakuna hata doa. Nimeyarudisha kwa furaha, na kidole kinachotoka damu.

Nyumba imekuwa kimya mno. Nagundua chai yangu naenda kuinywa jikoni, karibu na kapu. Mukecuru hasemi kitu. Anatoka mara moja kwa siku, anakula upesiupesi, anarudi mbio. Amekonda. Sikumbuki kama nimewahi kungoja kitu namna hiyo. Labda mwaka ule tulipomngoja Uwera, na hata hapo nilitoka kwenda kutazama mpira.

Verediane amepiga simu, kama kila jioni. Kaulizia kuku kwanza, kisha mimi. Nikasema mambo safi. Akauliza tena. "Hauna kitu ya kuniambia?" Nikafikiri, nikasema chumvi imekwisha.

Jumapili, 14 Septemba

Siku mbaya.

Baada ya misa mtu mmoja alimtania Kabera kwamba kwake hakuwiki jogoo. Kabera akajibu kwa sauti, kanisa zima lisikie. "Jogoo ya nini? Kuku ya mayai haihitaji bwana. Inataga tu!" Watu wakacheka. Nami nilicheka. Nilicheka mpaka getini, ndipo kicheko kikanikatika.

Nikarudi. Nikamuuliza, polepole, kwa niaba ya rafiki yangu wa Busasamana, itakuwaje mtu akiyalalisha mayai ya namna hiyo. Kabera akasema huyo rafiki atangoja mpaka Yesu arudi. Yai lenye uhai, akaeleza, ukilimulika siku ya kumi unaona mishipa ya damu. Lisilo na kitu linakuwa safi.

Safi! Ee Mungu wangu.

Mayai tisa yasiyo na baba. Na yale yenye baba, mama yake Kabera ameshayala zamani. Njiani maneno ya kituoni yakanirudia, neno kwa neno, kumbe niliyasikia. Kuku wa mwisho wa mama yake. Mtu huachiwa na mama yake shamba, au nyumba. Verediane aliachiwa kuku, na mimi nikabadilisha mayai yake kwa mayai ya kukaanga. Nimeketi jikoni mpaka chai ikapoa. Mukecuru alikuwa ananitazama kwa jicho moja. Nimeona aibu mbele ya kuku.

Jioni Verediane ameuliza. Nikasema Mukecuru ni mzima. Huo si uongo.

Ijumaa, 19 Septemba

Mpango wa pili. Nimekwenda sokoni kutafuta vifaranga, niwaweke kapuni kabla hajarudi. Kuna Sibomana mmoja anayeuza vifaranga kwenye boksi. Wazuri, ila wote shingo zina manyoya. Nimemuuliza kama shingo ya kifaranga inaweza kunyolewa kwa wembe. Akalivuta boksi lake mbali nami.

Nimerudi mikono mitupu. Nilitaka kumfukuza Mukecuru kapuni, apumzike, ale. Sikuweza. Ningemweleza nini?

Jumatatu, 22 Septemba

Asubuhi, nikiwa nachota maji, nimesikia vifaranga. Si kwangu. Nyuma ya ukuta!

Nimepanda juu ya mawe. Uani kwa Kabera, mama yake, Mama Donatille, alikuwa anawatupia vifaranga saba unga wa sambaza, wale vidagaa wa ziwani. Shingo tupu, wote saba! Nusura nianguke.

Mama Donatille hakushangaa kuniona. Akasema, "Yai ya musalaba ya Verediane ningekula vipi, niko na wazimu?" Alikuwa na kuku wake aliyetaka kulalia, akamwekea siku ileile. Kumbe misalaba nilisahau kuifuta.

Nimekiri yote, ukutani hapohapo, mbele ya kuku arobaini. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema tutafuata desturi ya kuragiza, anayelea mnyama wa mwenzake hugawana naye watoto. Watatu wake, wanne wangu. Lakini kwa sharti moja. "Verediane utamuambia we mwenyewe, na kinywa yako." Nikaapa. Nikamshukuru mpaka akanifukuza.

Jumanne, 23 Septemba

Alfajiri, kabla hakujapambazuka vizuri, nimeingia jikoni na vifaranga wanne ndani ya kofia. Nimetoa mayai tisa, nikaingiza kifaranga mmoja mmoja chini ya bawa. Wakikataliwa, basi, nimekwisha.

Mukecuru hakunidonoa. Aliinamisha kichwa, akasikiliza chini ya tumbo lake. Akatoa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kisha akainua bawa, akawafunika vizuri. Wiki tatu juu ya mayai matupu, na hakuuliza kitu. Nimelia kidogo. Moshi pia ulikuwepo.

Jumamosi, 27 Septemba

Asubuhi umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, tumezibua mtaro wa mtaa. Nilichimba huku nikipanga hotuba ya kukiri. Hotuba nzuri, yenye utangulizi.

Saa tisa Verediane amefika. Amekonda, amefurahi, ananukia mtoto mchanga. Hakuvua hata viatu, ameenda moja kwa moja jikoni. Akachutama. Akahesabu wanne. Akaniuliza imekuwaje.

Nikafungua kinywa. Nikasema wametoka saba, mwewe kachukua watatu.

Sijui kwa nini! Hotuba ilikuwa tayari!

Verediane akabaki amechutama, anachora sakafuni kwa kidole. Akasema mwewe huyo, Donatille, alimpigia simu tarehe mbili, kuuliza kwa nini ameletewa mayai ya kuku wa marehemu ayale. Verediane mwenyewe ndiye aliyemwambia ayalalishe. Na vifaranga wale watatu, Verediane ndiye aliyempa, kwa moyo wake. Kisha akanitazama.

"Kila mangaribi nilikuuliza. Nilikuwa nangoja useme. Mukecuru alingoja siku makumi mbili na moja. Mi makumi mbili na tano."

Nilichutama karibu naye. Nikamwambia kila kitu, tangu mayai mawili niliyokaanga mpaka wembe. Kwenye wembe akacheka, halafu akafuta macho. Ameniambia mama yake hakunichukia, alikuwa anachoka tu kubahatisha ninachoficha. Nikamuahidi kwamba kuanzia leo sitamficha kitu, hata kidogo. Nilisema kwa moyo wote. Usiku wa leo nitalala vizuri.

Jumapili, 28 Septemba

Nimelala vizuri, nimeamka na wazo.

Kosa halikuwa ukubwa wa mayai. Kosa lilikuwa baba! Kuku arobaini wa Kabera, nyuma ya ukuta mmoja tu, hawana bwana. Baada ya misa nimepita kwa Sibomana, nimenunua jogoo mkubwa mwekundu. Nikimrusha upande wa pili siku tatu nne, Kabera akiwa Rubona kuchukua machicha, kila kitu kitajitengeneza.

Verediane nitamwambia, bila shaka. Nimeahidi. Ila kwanza mambo yakae sawa, nisimchoshe, jana tu katoka safari.

Kwa sasa jogoo nimemfunika kwa kapu nyuma ya stoo ya mkaa. Ametulia kabisa. Mpaka kesho asubuhi, Verediane hawezi kujua.