Virgule Yangu na Watoto wa Itebero

Jumatatu, tarehe 5 Juni
Programu yangu imekwisha! Inapokea orodha za watoto kutoka vituo saba vya afya, halafu inasema kila kituo kipewe dozi ngapi za chanjo ya surua. Nimeiandika mimi, Magloire, peke yangu hapa Kirotshe. Kanuni ya dunia nzima inasema: kati ya jambo na jambo weka virgule. Hii (,). Lakini Séraphin wa Hombo ametengeneza programu ya simu kwa ajili ya wauguzi, na yeye anaweka point-virgule. Hii (;). Eti kwa sababu sisi wa Kifaransa virgule tumeishaitumia kwenye kilo: 7,4. Visingizio! Nimepata mpango. Programu yangu itakataa kila orodha yenye (;). Wauguzi watamchoka Séraphin. Watakuja kwangu. Nimecheka peke yangu. Mama Laetitia, anayepakia chanjo kwenye masanduku, ameniuliza kama nimekula.

Jumanne, tarehe 6
Vituo sita vyenye kompyuta vimeingia vizuri. Cha saba, kinachotumia simu na programu ya Séraphin, kimekataliwa. Ushindi! Kisha nikaona jina la muuguzi: Dorothée, wa Itebero. Yaya wangu, dada yangu mkubwa! Ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu alipokuwa shambani. Nikamwandikia abadilishe alama zote. Amepanda kilima kutafuta réseau ya simu, akanipigia. Nimemweleza kanuni za dunia kwa dakika kumi na moja. Alisikiliza mpaka mwisho, maskini.
“Batoto biko hapa, Magloire,” akasema. “Unakatala batoto juu ya alama?”
Nikamwambia programu haina yaya. Nilidhani ni neno zuri.

Jumatano, tarehe 7
Ametii. Kila (;) ameifanya (,). Orodha imeingia bila kelele. Safi kabisa! Jibu: Itebero, dozi 0. Mama Laetitia akashangaa, akauliza kama huko hawazai. Nikasema mashine haidanganyi. Akaniangalia sana. Akafunga masanduku, pikipiki ikaondoka.

Alhamisi, tarehe 8
Siku mbaya. Yaya amepiga tena kutoka kilimani. Mchanjaji wa pikipiki amefika Hombo, akamjulisha kwamba Itebero haina kitu. Kwake kuna wamama arobaini na mmoja. Wengine wametembea siku mbili msituni, watoto mgongoni.
Nikafungua orodha. Mutoto Akilimali, kilo 7,4, miezi 10. Virgule ya kilo imekatwa kama zile nyingine! Programu imesoma: kilo 7, miezi 4. Ile 10 imeitupa. Watoto wote wamepunguzwa umri, na surua huchanjwa kuanzia miezi tisa. Kosa ni langu lote.
Nikamuuliza yaya amewaambia nini wale wamama.
“Niliwaambia mvua njo iliharibu barabara.”
Lawama yote aliitwisha mvua; mimi hakunitaja. Nilikaa chini, kando ya mfuko wa maharagi, nikalia kidogo.
Halafu nikampigia Séraphin. Nilipanga kujifanya naulizia hali ya hewa ya Hombo, kisha nimchote maarifa polepole. Akasema hewa ni nzuri, na akauliza ni nini kimeharibika. Nikasema yote. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Akauliza tu: “Bale bamama biko bado pale?” Akanitumia mistari mitatu: programu iangalie kwanza orodha inatumia alama gani, ndipo isome. Mistari mitatu! Nikarudisha orodha ya kwanza ya yaya, ile yenye (;). Itebero: 41. Séraphin akabeba jibu mbio mpaka kwa mchanjaji, ambaye alikuwa bado anakula. Dozi za akiba zilikuwa hamsini.

Ijumaa, tarehe 9
Wamechanjwa wote arobaini na mmoja! Séraphin mwenyewe alipanda nyuma ya pikipiki, ameshika sanduku kifuani mpaka Itebero. Yaya anasema mutoto Akilimali alimuuma mchanjaji kidole. Anasema pia aliwaambia wamama kwamba mutoto wa kwao, anayefanya kazi Kirotshe, ndiye aliyetafuta hizo dozi. Wamama wanakushukuru, akasema. Nikataka kumsahihisha. Mwishowe nikasema asante, yaya. Akaniambia nile.

Jumamosi, tarehe 10
Nimekuwa muntu mupya. Kanuni ni kwa ajili ya watu, si watu kwa ajili ya kanuni. Nimemwandikia Séraphin barua ndefu ya shukrani, nikamwita kaka. Amejibu kwa upole kabisa.
Ila jibu lake lina tarehe. Siku mbele, mwaka nyuma! Dunia nzima imekubaliana mwaka utangulie. Nikatazama programu yake: tarehe zote ndivyo zilivyo. Hatari kubwa hii. Kuanzia Jumatatu programu yangu itafungia nje kila tarehe iliyopinduliwa. Ni kwa faida yake mwenyewe. Yaya atafurahi sana.