Mvuke Niliouona Mimi Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika! Mkuu wa idara ametuita ofisini, mimi na Kifutio, akatutangazia kwamba mikataba yetu inaisha mwezi huu na nafasi iliyobaki ni moja. Kila mmoja aandike ombi la saa ishirini za ile darubini iliyoko angani. Ombi litakaloshinda, mwenye nalo anabaki. Mwingine afungashe virago.

Miaka kumi na mmoja nimekalia kiti kile! Kifutio alikuwa mwanafunzi wangu. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu mtu akipata matokeo yake, mwanamke huyu huyakagua mpaka yanafutika.

Baya zaidi: maombi hayaandikwi majina. Ndiyo kanuni siku hizi. Wasomaji wasijue nani kaandika, wapime hoja tu. Hoja tu! Mke wangu akasema afadhali, huenda safari hii nikapata. Nilimuuliza ana maana gani. Akaendelea kupiga pasi sare yake ya uuguzi.

Jumanne, 4 Machi

Mvuke! Sayari yangu ni ndogo, saizi ya dunia yetu, na kila baada ya siku nne hupita mbele ya nyota yake nyekundu. Mwanga wa nyota hupungua kidogo, kidogo mno. Sayari ikiwa na hewa, hewa hiyo hunyonya rangi fulani za mwanga, nasi tukajua ni hewa gani. Leo nimefungua vipimo vya zamani vya mipito miwili. Rangi ya mvuke wa maji imenyonywa. Nafasi ni yangu!

Kifutio akapita nyuma yangu. Kwa heshima zote, mwalimu, akasema, nyota nyekundu zina madoa yaliyopoa, na ndani ya madoa hayo mna mvuke. Je, nimehakikisha huu si wa nyota yenyewe? Damu ilinichemka. Nilimwambia nilipoanza kazi hii yeye alikuwa bado anatafuna penseli. Akaniachia karatasi yenye hesabu ya kukagua madoa. Nimeikalia.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa ya ile kanuni. Jina langu sijaliandika hata mara moja. Nimeandika tu kuhusu "mtafiti mmoja mahiri, aliyebuni njia ya kusafisha mwanga, na ambaye idara yake haijamthamini." Mara kumi na saba. Nani atasema nimevunja kanuni?

Kisha nikamgeukia Kifutio. Idara ina kompyuta kubwa moja, na hesabu zetu zote hupangwa foleni humo. Nimeingiza kazi hewa elfu nne. Asubiri hadi nywele ziote mvi!

Alhamisi, 6 Machi

Mwisho wa kutuma ulikuwa leo saa kumi jioni. Saa nne asubuhi shaka ikaniingia. Kama ni madoa kweli, je? Nikaamua kukagua kimyakimya. Kompyuta ikanijulisha kwamba mimi ni wa elfu nne na moja kwenye foleni. Sekretari akasema anayeweza kufuta foleni ni fundi wa mitambo, naye yuko likizo. Nilipiga meza ngumi. Kidole kimevimba.

Kifutio alikuwa anakunywa chai, ametulia tuli! Kumbe hesabu zake alizimaliza tangu juzi. Ombi lake nimelisoma kwenye printa. Maji hata hayatafuti. Anataka kupima joto la sayari inapojificha nyuma ya nyota, ajue kama ina hewa yoyote au ni jiwe tupu. Saa ishirini za kutafuta jiwe! Nilicheka peke yangu, nikatuma langu bila kukagua.

Ijumaa, 14 Machi

Majibu. Ombi langu limerudishwa. Msomaji wa kwanza ameandika kwamba mwandishi amejitambulisha mara kumi na saba. Wa pili ameongeza, bila kuombwa na mtu, kwamba mvuke ule ni wa madoa ya nyota, na kwamba hesabu ya asubuhi moja ingetosha kuliona kosa hilo. Wivu mtupu! Kifutio ameshinda.

Nikaenda kupanga vitabu, nikafunga mlango. Kama nililia au sikulia, sitaki kuandika. Miaka kumi na mmoja imeingia kwenye maboksi matatu, na la tatu halikujaa.

Jumatatu, 17 Machi

Kifutio amekwenda kwa mkuu kuniombea nibaki kwenye timu yake mwaka mmoja. Amesema njia ya kusafisha mwanga alifundishwa na mimi, na hamwamini mwingine. Wema huo nao umeniudhi. Mkuu amekubali shingo upande. Sharti ni moja: nisitangaze chochote kabla Kifutio hajakikagua. Nikikosea, nje!

Kazi niliyopewa? Kupima madoa ya nyota. Mimi! Kifutio akaeleza kirefu kwamba nyota hujizungusha na madoa husogea nayo. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa namtazama alivyokaa kwenye kiti changu.

Alhamisi, 20 Machi

Ajabu! Kwenye mpito wa kwanza doa lilionekana pembeni. Kwenye mpito wa pili, doa lilelile liko katikati. Limesogea! Tangu lini doa likatembea? Hili si doa hata kidogo. Ni sayari nyingine, haijawahi kuonwa na mtu, na nimeiona mimi.

Kumwambia Kifutio? Aifute? Sithubutu. Nimempigia mwandishi wa gazeti. Anakuja kesho saa mbili asubuhi pamoja na mpiga picha, na jina langu nimemtajia herufi moja moja asije akakosea. Kifutio huingia saa tatu. Atakapofika, mambo yatakuwa yamekwisha.