Jogoo wa Kampuni na Mimi Mwokozi Wake

Jumatatu, 3 Machi
Siku njema sana! Bosi kanipa kazi nzito: nichunguze kampuni ya jengo la pili, inayouza programu ya kodi kama sisi. Anataka hesabu zao, alama zao za biashara na washindani wao. Ripoti Ijumaa. Ikimpendeza, nakuwa mkuu wa kitengo. Mke wangu nimeshamwambia cheo nimepata. Kawapigia dada zake wote. Sina pa kurudi.

Jumanne, 4 Machi
Faida yao imepanda miaka mitatu mfululizo. Inaudhi. Ripoti yao ya mwaka imeorodhesha na washindani wao, kampuni sita. Sisi hatumo! Nimesoma mara nne. Nimetuongeza mwenyewe kwa kalamu, namba mbili. Namba moja ingeleta maswali.

Jumatano, 5 Machi
Nimepekua mtandaoni daftari la alama za biashara. Zao ziko sawa. Yetu, yule jogoo mwekundu wa kwenye bahasha, usajili wake umekwisha tangu mwezi uliopita! Mwingine angemkimbilia bosi. Mimi nina akili. Nitamsajili jogoo kwa jina langu, kisha Ijumaa nimkabidhi bosi mbele ya watu, aone nani kamwokoa. Mhasibu, mama wa miwani anayekitaka cheo hichohicho, kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema jino linauma.

Alhamisi, 6 Machi
Ofisi ya usajili wanataka hati ya kodi ya mwombaji. Sijawahi kupeleka ritani ya kodi hata moja. Miaka saba nauza programu ya kodi! Nikafungua programu yetu. Ikaganda. Nikajifungia stoo, nikafungua ya wale jirani. Dakika kumi na mbili, hati hii hapa, na programu ikanishukuru juu yake. Niliguswa, sifichi.
Kufika dirishani, karani akasema jogoo kahuishwa asubuhi ileile na mama mmoja wa miwani. Mhasibu! Nilikuwa nimeacha daftari lile wazi kwenye kompyuta yangu. Nusura nilie.

Ijumaa, 7 Machi
Mhasibu ndiye mkuu wa kitengo. Bosi alisoma ripoti yangu hadi mwisho, ambako nilikuwa nimebana kimakosa fomu ya kumsajili jogoo kwa jina langu pamoja na hati yenye nembo ya wale jirani.
"Miaka saba uko hapa," akasema, "na leo ndiyo kwanza umeonyesha bidii."
Nikamshukuru. Kanihamishia meza ya simu, kupokea malalamiko ya wateja.
Mke wangu hakugomba. Alisema tu, "Dada zangu wanakuja kesho kukupongeza. Utawaeleza mwenyewe." Hapo niliumia kweli.

Jumatatu, 10 Machi
Mashemeji niliwaambia meza ya simu ndiyo kitengo chenyewe. Walikula, wakaondoka mapema.
Leo kapiga mzee mmoja, programu yetu imemgandia. Nikaona njia! Nikamnong'oneza aende kwa wale jirani, aseme nimemtuma mimi. Wakimpokea, hawatakosa kuniita na mimi. Mzee mstaarabu sana, anaongea kama mtu aliyezoea kusikilizwa. Akaniomba jina langu kamili, akauliza kama bosi yupo ofisini leo. Nikamtajia taratibu ili aandike vizuri, nikamwambia yupo, nikamuunganisha mwenyewe. Wanaongea, hii ni nusu saa sasa. Lazima ananisifu.