Asidi Iliyokataa Kuganda

Jamani, leo nimeadhirika mbele ya Kidato cha Tatu kizima!

Nafundisha kemia kwa kibarua, shule moja hapa kisiwani. Leo Mwalimu Mkuu alikuwa aje darasani aamue kama niajiriwe moja kwa moja. Nikataka kuonyesha kitu cha maana: asidi ya salfa iliyo kali huganda kwenye barafu yenye chumvi, lakini ukiizimua kwa maji haigandi. Ijumaa nilijaribu, ile kali ikaganda vizuri, iliyozimuliwa ikakataa. Ile kali nikaiacha kabatini kwenye bilauri. (Bila kifuniko. Kumbukeni hapo.)

Asubuhi nikanunua barafu kwa wauza samaki. Nikazimua asidi nyingine kutoka chupani, maji nikazidisha kidogo kuliko Ijumaa, eti niwe na uhakika haitaganda. (Ujuaji huo!)

Mwalimu Mkuu akaketi nyuma na daftari lake. Nikazitia asidi zote mbili kwenye vichupa, nikavitumbukiza kwenye barafu yenye chumvi. Darasa likanuka samaki. "Tazameni hiki cha kushoto, chenye asidi kali," nikasema kwa madaha. "Sasa hivi kitakuwa jiwe."

Dakika kumi. Cha kushoto bado majimaji. Cha kulia, kile nilichozimua, jiwe!

"Mwalimu," akauliza Rukia wa dawati la mbele, "mbona ilotiwa maji ndiyo ilogandana?"

Nikasema barafu ni mbovu. (Barafu mbovu! Mimi, mwenye digrii!) Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Mkuu hakucheka, aliandika.

Rukia hakuniacha. "Hiyo kali uliifunika? Kwetu mtaani Kuze hata chumvi ya mezani twaitia punje za mtele, isilowe kwa hewa." (Mtele, yaani mchele.)

Nikaona heri niseme kweli. Sikufunika, na kwa hewa hii yetu asidi imekunywa maji siku tatu, ikajizimua yenyewe. Tukafungua kitabu pamoja. Kumbe maji kidogo huifanya iwe ngumu kuganda (kichupa cha kushoto!), ukiongeza inaganda kwa urahisi tena (cha kulia!), ukizidisha mno inakataa. Milima na mabonde! Mimi nilidhani ni mteremko mtupu. Wanafunzi wakagombania chaki wauchore mstari wake ubaoni, na kengele ilipolia hakuna aliyeinuka.

Mwalimu Mkuu akafunga daftari. "Zuhura, Alhamisi rudia somo hili hili. Nitakuja na mwenyekiti wa bodi." Akafika mlangoni, akageuka. "Na ufunike."

Msinicheke, niombeeni dua. Kifuniko nimeshanunua.