Ruta Inayosahau

Jumatatu, 4 Machi 2002. Kilosa.
Injinia Doris amefika kutoka Dar. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akanituma ndoo ya maji. Heshima ya siku hizi inaishia hapo.

Amekuja kuipanga ruta, kile chombo cha kijivu kinachogawa intaneti kwa wateja wa kampuni hapa Kilosa. Mtumba, kama suruali yangu. Tangu soko huria liingie, kila kitu kinatufikia baada ya Wazungu kukichoka. Betri yake imekufa, hivyo umeme ukikatika inasahau yote iliyoelezwa. Injinia akaandika mipangilio upya, akainakili kwenye disketi, akamkabidhi Nikolaus, kijana wa ofisini. Akasema hii ndiyo kumbukumbu ya ruta: isipate vumbi, jua wala sumaku. Nikacheka moyoni. Sumaku niliiona darasa la tano. Nyekundu, umbo la kwato. Kilosa nzima haipo.

Nikolaus ana cheti cha kidato cha nne na marashi. Mimi nimechimba mashimo ya nguzo zote.

Jumanne, 5 Machi.
Kampuni inafungua kituo Mikumi. Anatakiwa mtu wa kutunza mitambo, na kazi ina nyumba. Vyumba viwili, dari. Mke wangu Marciana yuko Maswa kwa baba yake tangu shamba la mkonge lilipouzwa kwa mwekezaji na mimi nikapunguzwa. Alishatuma neno kwamba hasafiri njia yote hiyo kwa treni kuja kulala kwenye banda la vifaa. Nyumba hiyo lazima niipate. Nikolaus hana mke. Ana kioo.

Injinia akasema atachagua anayeaminika zaidi kwa kutunza vitu. Nikolaus akaitikia ndiyo madam kabla hajamaliza sentensi.

Mpango umenijia nikiwa shimoni. Nichukue disketi kwenye droo ya Nikolaus. Umeme ukikatika, ruta isahau, Nikolaus aitafute disketi kama kuku asiyeona mayai yake. Kisha mimi niitoe, nimeihifadhi mahali salama.

Jumatano, 6 Machi.
Nimeichukua wakati Nikolaus yuko chooni. Nimefungua redio yangu kwa bisibisi na kuibana nyuma ya spika. Pakavu, pana giza, hapana vumbi. Injinia mwenyewe asingepata mahali bora.

Sasa nangoja umeme ukatike.

Ijumaa, 8 Machi.
Umeme haujakatika. Mwaka mzima unakatika kila ninapobandika chai, leo siku ya tatu unawaka kama wa ikulu. Masika yameanza, radi zinapiga, taa hata haipepesi. Nikolaus anapiga mluzi. Ameshaanza kuuliza bei ya makochi Mikumi.

Jumamosi, 9 Machi.
Nimechoka kungoja. Nimeshusha swichi kuu mwenyewe, nikahesabu hadi kumi, nikaipandisha. Ruta ikawaka, ikakaa kimya kama mtu aliyezinduka asijue jina lake.

Wateja wakaja juu. Mama Verdiana mwenye duka la intaneti Magomeni ya hapa hapa Kilosa akasema vijana wake wanampigia meza, na sisi ni matapeli tunaokula kodi ya hewa. Nikolaus akavuta droo. Jasho likaosha marashi. Nikamwacha ahangaike kwanza, kisha nikatamka taratibu kwamba nilihofia usalama wa kile kitu, nikakiweka mwenyewe.

Injinia akaitia disketi kwenye kompyuta. Haisomeki. Akajaribu tena. Akauliza, mzee Masunga, uliiweka wapi? Nikamwonyesha redio kwa fahari. Akaokota skrubu mezani, akaisogeza nyuma ya spika. Ikaruka ikaganda.

Nikolaus ndiye aliyesema, babu, umeipika kumbukumbu kwenye sumaku ya spika.

Kisha akatoa disketi nyingine kwenye kopo la biskuti. Alikuwa ameinakili ile ya kwanza kwa siri siku ile ile aliyokabidhiwa na kuificha, angoje siku ya kuibuka shujaa; kuhangaika kule kulikuwa maigizo. Mpango ule ule! Ila wake Injinia ameuita nakala ya akiba, akampa mkono. Wangu hajaupa jina.

Jumatatu, 11 Machi. Mikumi.
Nikolaus amekabidhiwa nyumba. Mimi nimeletwa kumchimbia mashimo ya nguzo. Nimempigia Marciana kwa simu ya kulipia, akauliza dari ikoje. Nikamwambia dari ni nzuri. Ni kweli, niliiona nikimbebea Nikolaus kitanda.

Jumatano, 13 Machi.
Nimepewa pa kulala stoo ya baa, jirani na kituo. Nikolaus ameweka disketi mbili za ruta ya hapa, ya kazi na ya akiba, kwenye lile kopo, dirishani. Pabaya sana pale, mtu yeyote anachukua.

Nimefikiri. Redio yangu ilikuwa ya Kichina, ndiyo iliyoharibu. Humu stoo kuna spika la muziki, kubwa kama kabati, limeandikwa Japani. Wajapani hawafanyi kazi ovyo. Bisibisi ninayo.