Sura ya Mwisho ya Bi Hadia

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Msomaji mmoja. Bi Hadia wa Wiyoni, mkunga mstaafu, kama kila siku tangu Juni. Mimi ndiye mkurugenzi wa maktaba hii, karani wake na mfagizi wake. Ng'ambo ya kichochoro, kinyozi Bakr ana watu tisa, wawili tu wananyolewa. Wengine wanacheka. Nawasikia hadi rafu ya dini.

Bi Hadia amebakisha sura moja ya riwaya anayoisoma. Akiimaliza, atarudi kufanya nini? Alipoondoka nilichukua wembe, nikaikata sura hiyo. Imo ndani ya droo yangu. Miaka ishirini na sita kazini, sijawahi kukunja hata ukurasa.

Jumanne, 9 Septemba
Amegundua. Nikamwambia ni mchwa, na kwamba nakala nyingine nimeshaiagiza Mombasa. Apite kila siku aulizie. Akasema atapita. Mpango mzuri sana.

Jumatano, 10 Septemba
Amepita. Nikamwambia bado. Akakaa, tukazungumza mpaka adhuhuri: marehemu mumewe, watoto aliowazalisha Pate, goti langu. Goti hili hakuna aliyeniuliza habari zake tangu mwaka jana.

Alhamisi, 11 Septemba
Amekuja na begi. Anahamia Kililana kwa binti yake. Alikuwa aende juzi, akangojea mwisho wa hadithi. Sasa boti iko gatini. Nikafungua droo, nikamwambia kurasa zimefika.

"Nipe nisome ndiani, humo botini," akasema. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa karatasi, ulionyooka kama rula.

"Mchwa wa hapa wana wembe, Bwana Ghassan?"

Nikaisukuma droo, ikajifunga.

"Ungaliniambia tu, 'Bi Hadia, njoo ukae.' Ningalikuja," akasema.

Hakuwa na hasira. Afadhali angalikuwa nayo.

Nilifunga saa kumi na moja, kama sheria inavyotaka. Hakuingia mwingine.

Jumatatu, 15 Septemba
Msomaji mpya, alhamdulillahi. Phineas, mwalimu mgeni, hana jamaa mjini. Anataka kadi. Kadi huandikwa kwa dakika mbili.

Maneno ya Bi Hadia nimeyawaza siku nne. Kweli kabisa, vitabu haifai kuvigusa. Fomu ni jambo lingine. Nikamwambia Phineas ziko saba, na kwamba kwa kanuni za maktaba hujazwa moja kwa siku.